Jinsi ya kucheza Alien: Isolation bila kufa kila dakika

Oya, kitu cha kwanza kwenye hili gemu la 2014 ni kwamba lile dude linalokuwinda, yani kiumbe wa anga za juu, haliuawi, kwa hiyo ukikutana nalo usijifanye shujaa, jifiche tu.

Vaa hedifoni, maana masikio yatakuokoa kuliko macho. Usikimbie ovyo, chuchumaa utembee polepole, alafu angalia juu: ukiona mate yanachuruzika kwenye tundu la dari ujue liko hapo linakusubiri, usipite chini yake aisee! Kile kifaa kinachoonyesha mwendo nacho kinapiga mlio, likiwa karibu linausikia, kwa hiyo chungulia mara moja tu ukirudishe.

Kujificha kabatini ndo kwenye kazi. Likija kunusa mlangoni jivute nyuma ubane pumzi, ila ukibana sana damu (uhai wako kwenye gemu) inapungua, yani unahesabu sekunde huku mikono inatetemeka mpaka lisogee.

Moto wa ile silaha ya kurusha moto unalifukuza ila baadae linauzoea, usiumalize. Na kuseivu (kuhifadhi ulipofika) kunachukua sekunde kadhaa ukiwa umesimama tu kwenye mashine ya kuseivia na linaweza kukuua hapohapo, sikilizia kwanza kumetulia ndo uchomeke kadi.