Tui la kopo badala ya nazi ya kukuna: wali usibaki na kiini

Mpwa wangu yuko London, hana mbuzi wala kifumbu. Wiki iliyopita alinipigia simu karibu analia: wali wa nazi umeungua chini, juu una kiini. Niliyajua hayo kabla hajamaliza kueleza, maana nami nilishamwaga sufuria mbili kwa kosa hilohilo.

1. Nunua kopo la 400 ml ambalo viambato vyake ni nazi na maji tu. Tui la vinywaji lililotiwa sukari liache, na la pakiti la kunywa karibu lote ni maji. La unga silipiki kabisa.

2. Osha vikombe viwili vya basmati (kikombe cha 250 ml), loweka nusu saa, chuja.

3. Sasa ligawe tui. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukikuna nazi unapata matui mawili: la kwanza zito, kisha unarudishia maji kwenye chicha unakamua jepesi. Mchele unaiva kwa lile jepesi. Zito linakuja mwisho. Kopo limekuchanganyia yote, na ukilimimina zima bila maji, mchele haupati maji ya kunywa, mafuta yanashika chini na kuungua.

Liweke kopo kwenye friji usiku kucha, usilitikise. Lifungue, chota 100 ml za juu zilizoganda, weka kando. Zilizobaki 300 ml ongeza maji 350 ml: hilo ndilo tui lako jepesi. Makopo yenye gundi ya guar (kiambato cha kuzuia tui lisijitenge) hayajitengi hata yalale friji siku tatu. Hayo koroga, pima 100 ml, endelea vilevile. Na kama mchele wako si basmati, maji yatabadilika: mchele mpya hunywa kidogo, wa zamani hunywa zaidi. Anza na kipimo hiki, kisha ongeza kidogokidogo, yawe ya moto.

4. Chemsha tui jepesi na chumvi huku unakoroga, lisikatike. Tia mchele, funika, moto mdogo.

5. Maji yakikaribia kukauka, mwagia tui zito juu, geuza mara moja tu.

6. Makaa ya kupalia huko hakuna. Funika sufuria isiyo na mpini wa plastiki, iingize kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika 15. Mpwa wangu alinitumia picha: punje zimeachana, na ukoko mwembamba wa rangi ya dhahabu.