Somo: Paka mwenye mafua, kuanzia chafya ya kwanza hadi chanjo

Masika yakishaingia, paka wa Mkomani, hapa kisiwani Lamu, hujazana chini ya ngazi na ndani ya madaka, wakilaliana, na haichukui muda mtaa mzima unapiga chafya. Hapo ndipo ninapoanza kuulizwa: nimnunulie dawa gani? Jibu langu huwaudhi wengi. Paka wengi wa mafua huuawa na njaa kabla mafua yenyewe hayajawamaliza. Paka hula kwa pua. Asiposikia harufu ya samaki, huyo samaki kwake hayupo, na baada ya siku mbili tatu mwili unaanza kumwangusha. Kwa hiyo somo hili litakaa zaidi kwenye pua na sahani, vidonge vitafuata baadaye.

Ugonjwa huu mara nyingi huletwa na virusi viwili, herpesi ya paka na kalisi. Bakteria kama klamidia na bordetela huja wenyewe au hudandia njia iliyokwisha kufunguliwa. Mafua yetu sisi ni mengine. Herpesi na kalisi za paka haziingii kwa binadamu. Klamidia yake kwa nadra hutia watu jicho jekundu, basi nawa mikono na yaishe.

1. Mtazame kabla hujamshika

Mwache alale, wewe kaa kando uangalie mbavu. Zikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima. Paka aliyetulia hupumua kama mara 15 hadi 30. Akipita 40 naye amelala, kuna jambo.

Kisha uso. Chafya nyingi pamoja na macho yaliyovimba na matongo huelekea herpesi. Vidonda kwenye ulimi, mate yanayochuruzika na pengine kuchechemea siku moja mbili ni tabia ya kalisi. Jicho moja likiwa jekundu, la pili likafuata baada ya siku kadhaa na pua karibu kavu, fikiria klamidia. Hayo ni makisio ya barazani tu. Mara nyingi paka mmoja huwa na viwili kwa pamoja.

Tahadhari moja kabla hujaendelea. Paka wa mtaani anayetoa mate, hawezi kumeza, na tabia yake imegeuka, usimtie kidole kinywani. Huenda ni kichaa cha mbwa. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

2. Hawa hawangoji kesho

Anayepumua kwa mdomo wazi. Mwenye ufizi wa buluu au kijivu. Kitoto ambacho hakijanyonya wala kula kwa nusu siku. Paka mzima aliyesusa chakula siku mbili, hasa akiwa mnene, maana mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini na kulijaza. Mwenye jicho lililoingia ukungu au doa. Na yule ambaye ukimvuta ngozi ya mabegani inabaki imesimama badala ya kurudi, huyo amekaukiwa maji.

Kisiwani punda wana kliniki yao tangu 1987, sisi wa paka tunahangaika kidogo. Piga simu kwa daktari wa mifugo asubuhi, usingoje jioni boti zikiwa zimepungua. Ukivuka kwenda Mokowe, upande wa bara, mtie kwenye kikapu chenye kifuniko, tandika kanga kuukuu, na ukiweke kivulini.

3. Fungua macho na pua

Chemsha lita moja ya maji, tia chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, cha kusawazisha kwa kisu. Yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Kila siku tengeneza mapya. Kwenye duka la dawa pia wanauza maji ya dripu ya chumvi ya asilimia 0.9, ni kitu hicho hicho.

Mviringishe paka kwenye taulo hadi kichwa tu kitokeze. Lowesha pamba, iweke juu ya jicho lililogandana, na usifute. Ngoja. Hapa ndipo watu wanapokosa subira, wakabandua ukoko na kope zake. Hesabu polepole mpaka thelathini, ukoko utalainika na kuanza kuteleza wenyewe. Hapo futa mara moja, kutoka kona ya puani kwenda nje. Tupa pamba hiyo. Jicho la pili lina pamba yake. Puani fanya vivyo hivyo, na zikibaki kamasi nzito, dondosha tone moja la maji yale kila tundu. Atapiga chafya usoni pako, na hiyo ndiyo kazi uliyokuwa ukiitaka.

Mvuke husaidia sana. Mtie ndani ya tenga, weka ndoo ya maji moto pembeni asikoweza kuifikia, funika vyote viwili kwa shuka kwa dakika 10 hadi 15, ukae hapo hapo. Maji matupu. Usitie mafuta ya mkaratusi wala ya karafuu, wala dawa za kuchua za menthol: ini la paka haliwezi kuyachuja.

Na hapa niwaombe radhi akina mama: udi na ubani viondoke chumba alicholala mgonjwa mpaka apone. Moshi ni moshi, uwe na harufu nzuri au mbaya. Dawa ya mbu ya kuwasha nayo pia.

4. Sahani

Mlishe mara tu baada ya kumsafisha pua, si kabla. Chagua samaki mwenye harufu kali: kibua, simu, hata dagaa waliochemshwa. Toa miiba, ponda, na umpe akiwa na uvuguvugu, kama joto la panya aliyekamatwa sasa hivi. Chakula baridi hakinukii. Maji uliyochemshia mpe anywe, ila yasiwe na kitunguu maji, kitunguu saumu, chumvi wala pilipili. Kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, kibichi au kilichopikwa.

Mwenye vidonda kinywani atasogelea sahani, atanusa, kisha atarudi nyuma akilamba midomo. Anataka kula ila anaumia. Huyo mpe uji laini wa samaki. Ukilazimika kutumia bomba la sindano, bila sindano yake, lipitishe pembeni mwa mdomo na umpe kidogo kidogo, kichwa kikiwa sawa. Ukimwinua kichwa juu, chakula kitaingia mapafuni na utakuwa umemwongezea nimonia.

5. Dawa

Antibiotiki haziui virusi. Daktari huzitoa kamasi zikiwa za manjano au kijani, akiwa na homa, au pakishukiwa klamidia. Mara nyingi huwa doksisaiklini. Dozi aipange yeye kwa uzito wa paka. La kwako ni hili: kidonge hicho kisiende kikavu. Kikikwama kooni kinaunguza na kuacha kovu linaloziba njia ya chakula. Mfuatishie maji mililita 5 au 6, au chakula.

Dawa za macho za dukani soma maandishi yake. Ukiona deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, irudishe. Hizo ni steroidi, na jicho lenye kidonda cha herpesi likitiwa steroidi linaweza kutoboka.

Panadol, hapana. Hata nusu, hata ya watoto. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima. Ukikuta mtu amekwisha mpa, na uso umevimba au ufizi umegeuka kahawia, ni mbio kwa daktari.

6. Kumtenga na kuchanja

Mgonjwa awe na chumba chake, sahani zake na mchanga wake, na umhudumie wa mwisho baada ya wazima. Herpesi hufa upesi pakikauka, lakini kalisi huweza kukaa hata mwezi kwenye sakafu na vyombo. Osha kwa sabuni kwanza, kisha jiki sehemu moja kwa maji sehemu 30, acha dakika kumi, suuza. Usitumie ile dawa ya kuua viini inayogeuza maji kuwa meupe; ina sumu kwa paka, naye hulamba nyayo zake.

Chanjo ya pamoja, inayokinga herpesi, kalisi na panlukopenia (ugonjwa hatari wa virusi wa kuhara na kutapika), huanza kitoto kikiwa na wiki 6 hadi 8, ikarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka atimize wiki 16, kisha tena karibu na mwaka mmoja. Aliyechanjwa anaweza kuugua, lakini huugua kidogo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni nyingine, iombe pia.

Maswali ya wanachama

*Shela: Shikamoo Bi. Paka wangu alipona vizuri, lakini kila nikisafiri nikirudi namkuta na chafya na jicho moja linatoa machozi. Anaambukizwa na nani?*

Marahaba mwanangu. Hajaambukizwa upya. Herpesi haitoki mwilini, hujificha kwenye neva na kuamka paka akipata dhiki: kuachwa, kuhamishwa, kunyonyesha, kuletewa paka mgeni. Ikiamka, paka huyo huambukiza wengine wiki moja au mbili. Ukisafiri mwache nyumbani kwake, aje mtu wa kumlisha, badala ya kumpeleka kwa jamaa.

*Langoni: Nyanya yetu humtia mafuta ya habasoda puani. Kuna ubaya?*

Upo. Mafuta yakiteremka mapafuni hayatoki, nayo husababisha nimonia ya aina yake. Mwambie bibi kwa adabu kwamba maji ya chumvi yanafanya kazi hiyo hiyo.

*Matondoni: Wangu hutoa kamasi tundu moja tu, na husugua uso chini. Mwezi sasa.*

Hayo siyaiti mafua. Mafua huziba matundu yote mawili. Tundu moja kwa muda mrefu hunifanya nifikirie mwiba wa samaki, jani lililopanda nyuma ya kaakaa, jino bovu au uvimbe. Daktari atamlaza kwa dawa ya usingizi aangalie. Usichokonoe.

*Mkomani: Sisi tunalisha paka wa uchochoroni, kumi na zaidi. Nitamtenga vipi wa mtaani?*

Hutaweza, tusidanganyane. Punguza msongamano: sahani nyingi ndogo, kila moja mbali na nyingine kwa hatua mbili, maana matone ya chafya hufika kama mita moja au mbili. Ziokote wakishamaliza na uzioshe kwa jiki. Wanaokamatwa kuhasiwa wachanjwe siku hiyo hiyo. Pesa zikiwa chache, anza na watoto, ndio wanaokufa.

*Malindi: Kuku wangu wana mafua, nyuso zimevimba. Paka ndiye aliyewaletea?*

Hapana ndugu, mafua ya kuku yana bakteria yake na paka hahusiki. Lakini kuku akifa kwa ugonjwa, usimtupie paka. Homa ya ndege aina ya H5N1 huua paka wanaokula ndege wagonjwa, na kwa macho huwezi kujua kuku wako alikufa kwa lipi. Mchimbie shimo la kina, na kama wamekufa wengi kwa mkupuo, waarifu watu wa mifugo kabla hujagusa waliobaki.