Injini ya mchezo ikibadilisha ada ya leseni: namna ya kupiga hesabu kabla ya kuhama

Tarehe 12 Septemba 2023, kampuni ya Unity, inayotengeneza injini ya michezo (programu ya kutengenezea michezo ya simu na kompyuta), ilipotangaza kwamba itatoza ada kila mchezo unaposakinishwa, habari hiyo ilifika kwetu Lubumbashi, Kongo, kwa simu, ikiwa fupi na ikiwa imeshapinda. Wenzangu wawili, ambao tulikuwa tukitengeneza nao mchezo wa simu katika chumba kimoja cha Kamalondo, walielewa kwamba kila mtoto wa Katuba atakayepakua mchezo wetu wa bure angetufanya tudaiwe senti 20 za dola. Usiku ule ule walitaka kufuta Unity kwenye kompyuta zote. Mchezo wenyewe ulikuwa haujaingiza hata fedha ya kununua mega za intaneti za mwezi mmoja, na tangazo lile, ukilisoma hadi mwisho, halikutuhusu hata kidogo. Maelezo yafuatayo ni ya namna ya kusoma mabadiliko kama hayo kwa kalamu na daftari, kabla ya kufuta chochote.

Anza kwa kujua ni toleo gani unalolitumia, kwa sababu masharti ya leseni mara nyingi hufungamana na toleo. Kwa mradi wa Unity, ingia katika folda ya ProjectSettings, ufungue faili la ProjectVersion.txt kwa programu yoyote ya maandishi. Mstari wa kwanza utakuonyesha namba kama 2022.3 au 6000.0, na hii ya pili ndiyo Unity 6. Kwa mradi wa Unreal Engine, injini nyingine ya michezo, fungua faili lenye mwisho wa .uproject, utafute neno EngineAssociation. Andika namba hiyo, kisha pakua masharti ya matumizi ya siku hiyo, uyahifadhi kama PDF yenye tarehe, ndani ya folda ile ile ya mradi. Usidhani kwamba ukurasa wa kampuni utakutunzia ushahidi. Mwaka 2019, baada ya ugomvi mwingine wa leseni, Unity ilianza kuweka historia ya masharti yake kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo na mabadiliko yake, ikaahidi kwamba mtumiaji angeweza kubaki na masharti ya toleo analolitumia. Tangazo la 2023 lilipotoka, watu waliporudi kutafuta historia hiyo waliikuta imeondolewa. Baadaye ilirudishwa, lakini waliokuwa na nakala yao wenyewe hawakuhitaji kungoja.

Hatua inayofuata ni kutafuta viwango ambavyo lazima uvifikie ndipo udaiwe, na kuangalia kama vimeunganishwa kwa neno "na" au kwa neno "au". Hapa ndipo wenzangu walipoteleza. Katika tangazo la kwanza la 2023, aliyetumia leseni ya Personal, ile ya bure, alipaswa kuwa ameingiza dola 200,000 katika miezi 12 na pia kuwa na usakinishaji 200,000 tangu mchezo utoke. Vyote viwili kwa pamoja. Mchezo wa bure uliopakuliwa mara milioni tatu lakini ukaingiza dola 4,000 za matangazo haukudaiwa kitu. Kiasi chenyewe pia kilitofautiana kwa nchi: senti 20 kwa mchezaji wa Ubelgiji au Ufaransa, senti 2 kwa mchezaji wa Kongo. Kwa hiyo binamu yako aliyeko Brussels angehesabiwa mara kumi ya jirani yako wa Ruashi, jambo ambalo mimi sikulisikia likitajwa katika kelele za watengenezaji wa michezo waliolipinga tangazo lile.

Hii haimaanishi kwamba hasira yao haikuwa na sababu. Chukua studio yenye leseni ya Personal ambayo imeshavuka viwango vyote viwili, mapato yake ya mwaka yakiwa dola 210,000, kisha mchezo wake ukasakinishwa mara nyingine 1,000,000 katika nchi za senti 20. Zidisha: deni ni dola 200,000, karibu mapato yote. Ada inayopanda pamoja na idadi ya watu, badala ya kupanda pamoja na fedha, ni hatari kwa yeyote anayetoa mchezo wa bure, na kwa soko letu, ambako wachezaji wengi hawana kadi ya kununulia kitu ndani ya mchezo, michezo mingi ni ya bure. Ndiyo maana, unaposoma tangazo lolote la ada, jiulize kwanza: wananipimia kwa nini? Kwa watu, kwa mapato, au kwa idadi ya wafanyakazi wangu? Kiasi kinakuja baadaye.

Kisha ngoja. Nasema hivyo kwa uzito, kwa sababu tangazo la kwanza si lazima liwe ndilo litakalotekelezwa. Siku kumi tu baadaye, tarehe 22 Septemba 2023, Unity iliwaondoa watumiaji wa Personal katika ada hiyo, ikaihusisha tu na matoleo ya injini yatakayotoka kuanzia 2024, na ikawapa waliobaki nafasi ya kulipa asilimia 2.5 ya mapato kama hiyo ndiyo ndogo. Mwezi wa Oktoba mkuu wa kampuni, John Riccitiello, akaondoka. Tarehe 12 Septemba 2024, mwaka mmoja kamili baada ya tangazo la kwanza, ada ya usakinishaji ikafutwa kabisa kwa michezo. Waliohamisha mradi mzima ndani ya wiki ya kwanza walikimbia mvua ambayo haikunyesha, ingawa wapo kati yao wasiojuta, na sababu zao ni za imani zaidi kuliko za hesabu.

Kilichobaki baada ya kufutwa kwake ndicho unachopaswa kukipigia hesabu. Leseni ya Personal iliendelea kuwa ya bure hadi dola 200,000 kwa mwaka, mara mbili ya kiwango cha zamani, na anayetumia Unity 6 halazimiki tena kuonyesha nembo ya kampuni mchezo unapofunguka. Ukivuka hapo unahitaji Pro, leseni ya kulipia, ambayo tarehe 1 Januari 2025 ilipandishwa kwa asilimia 8 hadi dola 2,200 kwa mwaka kwa kila mtumiaji. Huruhusiwi kumnunulia Pro mmoja na kuwaacha wengine kwenye Personal. Kwa bei hiyo ya 2025, timu ya watu wanne ililipa dola 8,800. Mambo mawili hapa huwanasa watu wa kwetu. La kwanza, hizo dola 200,000 hazihesabiwi kwa mauzo peke yake, bali pia fedha za ufadhili ulizopokea katika miezi 12 zinaingia. La pili ni zito zaidi, ukimtengenezea mteja kazi, kinachopimwa ni fedha za mteja, wala si zako.

Hilo la pili nimelilipia mwenyewe. Kampuni moja ya hapa ilitaka programu ya kuwafundisha wafanyakazi wapya usalama wa mgodini, mtu avae kofia ya kielektroniki, aone lori kubwa likirudi nyuma na ajifunze pa kusimama. Niliandika makadirio ya bei nikiwa na Unity Personal, nikijiona fundi mdogo asiyefika dola 200,000 hata kwa miaka kumi. Makadirio yakasainiwa. Niliposoma masharti vizuri, taa zikiwa zimeshakatika na mwanga ukiwa wa simu, ndipo nilipoona kwamba mapato ya mgodi ndiyo mapato yangu mbele ya leseni, na kwamba kwa kampuni kubwa zisizo za michezo Unity ina leseni yake ya viwandani, ambayo ni ghali kuliko Pro. Tofauti ilitoka mfukoni mwangu. Unreal nayo ilichukua njia inayofanana mwezi wa Aprili 2024: kampuni zisizotengeneza michezo, zenye mapato yanayozidi dola milioni 1 kwa mwaka, hulipa dola 1,850 kwa mwaka kwa kila mtumiaji. Katika mji ambao mteja mwenye fedha ni wa madini, kifungu hiki kisome kabla ya vyote.

Kwa michezo yenyewe, Unreal hupima kwa mrabaha: asilimia 5 ya mapato ya mchezo baada ya kuvuka dola milioni 1 tangu utoke. Kuanzia 2025 ni asilimia 3.5 kwa mchezo unaotolewa kwenye duka la Epic, kampuni inayotengeneza Unreal, siku ile ile unapotolewa kwenye maduka mengine. Mchezo usiotolewa kwenye duka la Epic ukiingiza dola 1,200,000, unadaiwa asilimia 5 ya 200,000, yaani dola 10,000. Angalia, hata hivyo, kwamba mrabaha hukatwa kwenye mapato kabla duka halijachukua fungu lake. Kama duka limechukua asilimia 30, wewe umebaki na 140,000 kati ya zile 200,000, na dola 10,000 ni zaidi ya asilimia 7 ya ulichokishika mkononi.

Baada ya hesabu ndipo lije swali la kuhama. Godot, injini nyingine ya michezo, haina ada wala mrabaha. Leseni yake ya MIT inakutaka tu uweke maandishi ya leseni hiyo ndani ya mchezo wako, na faili lake ni dogo kiasi cha kupakuliwa kabla umeme haujakatika, sifa ambayo wa Ulaya hawawezi kuithamini kama sisi. Lakini usidanganyike kwamba mradi unahamishwa kama gunia. Picha, sauti na maumbo ya pande tatu vitahama. Mandhari ulizozipanga ndani ya Unity na msimbo wa C# (lugha ya programu) unaoita kazi za Unity vitaandikwa upya. Jaribu kwa wiki moja: chukua ngazi moja tu ya mchezo, uijenge upya, uhesabu saa, kisha uzidishe kwa ngazi zilizobaki. Kama mchezo uko karibu kumalizika na mapato yako hayajafika hata robo ya kiwango, malizia ulipo, na injini mpya uianze na mchezo mwingine. Kama unalenga mashine za kuchezea za sebuleni, kumbuka kwamba Godot yenyewe haikupi njia ya moja kwa moja ya kufika huko.

Kwa anayefanya kazi za wateja, badilisha karatasi yako ya makadirio leo hii. Yangu sasa ina mstari wa leseni peke yake, ukitaja jina la injini, toleo na idadi ya watumiaji, na chini yake sentensi moja: "Gharama ya leseni italipwa na mteja, kwa dola, kwa bei ya siku itakaponunuliwa." Mteja wa kwanza kuisoma aliuliza maswali mawili, akasaini.