Umefuta rekodi, diski bado imejaa? Somo la kufagia PostgreSQL

Juzi kijana wa ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini alinipigia, roho juu: "Mwalimu, Jumamosi nimefuta rekodi kuukuu zote, diski bado inasoma asilimia 92. Zimekwenda wapi?"

Hazikwenda popote. Katika PostgreSQL, programu ya hifadhidata, amri ya kufuta, DELETE, huipiga rekodi alama kwamba imekufa, basi, maana huenda muamala (kundi la amri linalopita zima au kukataliwa zima) wa mtu mwingine bado unaiona. UPDATE, amri ya kurekebisha, nayo huandika toleo jipya na kuliacha la zamani palepale. Mabaki hayo mimi huyaita mizoga. Anayeifagia ni amri ya VACUUM, lakini mjue mapema: hufungua nafasi ili rekodi mpya zikae humo, na kwa kawaida hairudishi nafasi hiyo kwenye diski. Tazama yadi za makontena: makontena yakiondoka, uwanja hungoja mengine, ukuta hausogei.

Hatua ya 1. Chukua nakala rudufu, kisha uirejeshe kwenye hifadhidata ya majaribio uone kama inafunguka.

pg_dump -Fc mizigo > mizigo.dump

Hatua ya 2. Hesabu mizoga.

SELECT relname, n_live_tup, n_dead_tup, last_autovacuum
FROM pg_stat_user_tables
ORDER BY n_dead_tup DESC LIMIT 10;

Kwa yule kijana, jedwali la mienendo ya makontena lilikuwa na mizoga karibu mara tatu ya rekodi hai.

Hatua ya 3. Tafuta muamala uliosinzia. Hapa ndipo wengi huruka, na hapa ndipo tulipomkamata mchawi.

SELECT pid, usename, xact_start
FROM pg_stat_activity
WHERE state = 'idle in transaction'
ORDER BY xact_start;

Mstari mmoja ulitoka: Ijumaa, saa sita kasoro robo. Karani alifungua muamala, akarekebisha namba ya kontena moja, adhana ikamkuta hajapiga COMMIT ya kuukamilisha. Mlango alifunga, muamala hakufunga, na kompyuta ikakesha hivyo hadi Jumatatu. Kwa kuwa ulianza kabla ya ufutaji wa Jumamosi, VACUUM ililazimika kuiacha mizoga yote iliyokuja baadaye. Dawa ni SELECT pg_terminate_backend(pid), ukiweka namba halisi mahali pa pid. Muulize mwenyewe kwanza, marekebisho yake yatapotea. Halafu weka kikomo cha muda wa kusinzia, idle_in_transaction_session_timeout, ili isijirudie.

Hatua ya 4. Futa kidogo kidogo.

DELETE FROM mienendo WHERE id IN
(SELECT id FROM mienendo WHERE tarehe < '2018-01-01' LIMIT 10000);

Rudia hadi irudishe sifuri, kisha:

VACUUM (VERBOSE, ANALYZE) mienendo;

Usiiweke ndani ya muamala ulioufungua kwa BEGIN, itakataa. Na kabla ya kufuta chochote chenye kodi ndani yake, kumbuka sheria ya Kenya inataka kumbukumbu hizo zikae miaka 5.

Hatua ya 5. Mpe autovacuum, yaani VACUUM inayojiendesha yenyewe, kazi mapema. Bila kuguswa, husubiri mizoga ipite asilimia 20 ya jedwali, na rekodi 50 juu yake. Jedwali la rekodi milioni 10 litangoja mizoga milioni 2! Shusha kiwango hicho hadi asilimia 2:

ALTER TABLE mienendo SET (autovacuum_vacuum_scale_factor = 0.02);

Maswali ya wanachama wa Mombasa na jirani

Likoni: Mwalimu, kwa nini tusipige VACUUM FULL tukamaliza?

Jibu: Hiyo hurudisha nafasi kweli, ila huandika jedwali zima upya, kwa hiyo yataka diski yenye nafasi ya kutosha nakala mpya, ambayo wewe ndiyo huna. Tena hufunga jedwali. Mimi niliipiga Jumatatu saa tatu asubuhi nikidhani dakika mbili zitatosha. Hata SELECT haikupita. Madereva wa malori walingoja karatasi zao hadi adhuhuri, nami nikajifanya nina simu nyingine. Siku hizi, ikibidi, ni usiku wa Jumapili.

Kisauni: Autovacuum inanipunguzia kasi mchana. Niizime?

Jibu: La, ndugu yangu. Namba za miamala ni za biti 32, na VACUUM ndiyo inayozuia zisizunguke zikaanza upya na kuficha data yako. Jedwali likifika umri wa miamala milioni 200, autovacuum itaamka hata kama umeizima, na itachagua saa yake yenyewe. Afadhali ipite mara nyingi, kazi ikiwa ndogo.

Tudor: Sisi tuko MySQL. Yatuhusu?

Jibu: Nusu. InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya MySQL, husafisha matoleo ya zamani yenyewe, lakini muamala uliosahaulika huikwamisha vilevile. Ukitaka nafasi irudi, kuna OPTIMIZE TABLE, inayojenga jedwali upya.

Mtwapa: Shukran mwalimu. Na faharasa (index) zilizovimba?

Jibu: Kuanzia toleo la 12 la PostgreSQL, tumia REINDEX INDEX CONCURRENTLY, watu wakiendelea na kazi. Ikikatika njiani itaacha faharasa mbovu yenye jina linaloishia _ccnew. Hiyo ifute kwa DROP INDEX, uanze tena.