Kufungua maabara ya kompyuta kwa wanafunzi wa bweni: hatua ninazofuata

Shule nyingi za bweni nchini Tanzania haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu. Maabara inapofunguliwa, kompyuta chache zinabeba kila kitu: barua pepe, kazi ya Jiografia, fomu za maombi ya chuo, na hamu ya wiki nzima ya kujua huko nje kunaendelea nini. Tena watoto wanapokezana mashine ileile kwa zamu. Kwa uzoefu wangu, madhara mengi hayatoki kwenye tovuti mbaya. Yanatoka kwenye akaunti iliyoachwa wazi, anayefuata akakaa kwenye kiti na kukuta maisha ya mwenzake mbele yake.

Nimeandika haya baada ya kumsaidia mwalimu mwenzangu wa TEHAMA kuandaa maabara yake. Kompyuta zake zina Windows na Chrome, na intaneti inatoka kwenye ruta ya laini ya simu.

Hatua ya 1: Akaunti mbili za Windows

Ya mwalimu iwe na mamlaka yote na nywila. Ya wanafunzi iwe ya kawaida, isiyoweza kusakinisha programu. Hili unalijua, tuendelee.

Hatua ya 2: Kanuni chache, kila moja na sababu yake

Kanuni ishirini zinazoanza na "ni marufuku" hazisomwi na mtu. Kaa na viranja na wawakilishi wa madarasa, mwandike pamoja, kwa Kiswahili, hata kama masomo yanafundishwa kwa Kiingereza. Zangu ni nne. Ukikuta akaunti ya mwenzako iko wazi, usisome: ifunge, kisha mwambie. Usipandishe picha ya mtu bila ridhaa yake. Bando ni la masomo kwanza. Na ya nne: ukikutana na kitu kilichokutisha au kukuaibisha, niite, hutaadhibiwa kwa kuniita.

Hiyo ya nne mkuu wa shule aikubali kabla hujaitamka mbele ya wanafunzi. Mtoto mmoja akichapwa kwa kusema ukweli, hakuna mwingine atakayekuja kwako.

Kuhusu ChatGPT na programu za aina hiyo, mimi sizizuii. Nataka rasimu ya mkono kwenye daftari kwanza, ndipo mwanafunzi aulize. Anayekuja bila rasimu anarudi darasani kuiandika.

Hatua ya 3: Kila mwanafunzi aingie kama mgeni

Usiharakishe hapa, maana hatua hii ndiyo inayokula saa za watu.

Chrome ina hali ya mgeni (Guest). Mwanafunzi akiifunga, historia na vidakuzi vyake (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kivinjari) vinafutika, na akaunti alizoingia zinafungwa. Wengi hupendekeza dirisha fiche (Incognito) badala yake. Mimi silipendekezi kwa mashine ya watu wengi. Dirisha fiche hufunguliwa ndani ya wasifu (profile) uliopo, kwa hiyo alamisho (bookmarks) za wasifu huo zinaonekana, na nywila zilizohifadhiwa humo bado zinaweza kupendekezwa na kujazwa kwa kubofya tu. Mgeni haoni chochote cha mtu mwingine.

Kabla ya yote, safisha yaliyopo. Bofya duara la wasifu juu kulia, fungua sehemu ya kusimamia wasifu, ufute kila wasifu wa mwanafunzi. Kutoka kwenye Gmail peke yake hakutoshi. Kama mtoto aliwasha usawazishaji (sync), nywila na alamisho zake zinaweza kubaki ndani ya kompyuta hata baada ya yeye kutoka kwenye barua pepe. Walimu wengi wananaswa hapa kwa sababu ukurasa wa Gmail unaonekana umefungwa.

Sasa lazimisha hali ya mgeni. Njia nyepesi ni kwenda kwenye ikoni ya Chrome kwenye desktopu, kufungua Properties, na kwenye kisanduku cha Target kuongeza mwishoni:

--guest

Iwe nje ya alama za kufunga nukuu, na itanguliwe na nafasi moja. Ukiiweka ndani ya nukuu, Windows itakataa kwa kudai jina la faili si sahihi, nawe utaanza kuilaumu Chrome bure.

Njia hii ina tundu. Mwanafunzi akibofya kiungo kilicho ndani ya faili la Word au PDF, kivinjari hakipiti kwenye ikoni uliyoirekebisha, kwa hiyo kinafunguka kwa wasifu wa kawaida. Ndiyo maana napendelea njia ya pili, japo ni ndefu. Ingia kwa akaunti ya mwalimu, fungua regedit, programu ya Windows ya kuhariri mipangilio ya ndani, nenda:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies

Mara nyingi hutakuta folda ya Google. Itengeneze, na ndani yake tengeneza nyingine iitwayo Chrome. Humo weka thamani ya aina ya DWORD yenye jina BrowserGuestModeEnforced, uipe namba 1. Herufi kubwa na ndogo ziandike kama zilivyo. Funga Chrome yote, ifungue tena, kisha andika chrome://policy kwenye mstari wa anwani. Usipoliona jina hilo kwenye orodha, rudi ukague tahajia na mahali ulipotengeneza folda. Usiondoke kwenye kompyuta hiyo kabla hujaliona.

Na bado kuna mambo matatu ya kuwafundisha wanafunzi kwa mdomo. Kwanza, wafunge madirisha yote. Dirisha moja likishushwa chini na kusahaulika, kikao bado kiko hai. Pili, faili lililopakuliwa halifutiki: barua ya udahili inabaki kwenye folda ya Downloads mpaka mtu aifute. Tatu, mgeni hajifichi kwa anayesimamia mtandao. Waambie ukweli huo, wasijidanganye kuwa hawaonekani.

Mwanafunzi aliyekwisha kuacha akaunti yake wazi sehemu nyingine, kama kwenye simu ya binamu yake, aingie kwenye akaunti yake ya Google, sehemu ya usalama, afungue orodha ya vifaa na akiondoe kile asichokitumia. Kisha abadili nywila. Na namba ya kurejeshea akaunti iwe ya mzazi au mlezi ambaye laini imesajiliwa kwa jina lake mwenyewe na anaitumia kila siku. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na baadaye inaweza kupewa mtu mwingine kabisa.

Usiwadai wanafunzi nywila zao uzitunze kwenye daftari lako. Unawafundisha kwamba nywila ni kitu cha kumpa mkubwa yeyote anayeuliza, na kesho atauliza tapeli.

Hatua ya 4: Bando

Iweke intaneti kuwa ya kupimwa (metered connection) kwenye mipangilio ya Windows, la sivyo masasisho yatamaliza bando kabla ya kipindi cha pili. Sakinisha Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti, kwenye kompyuta moja, pakua Wikipedia ya Kiswahili usiku, kisha iruhusu ihudumie nyingine kupitia mtandao wa ndani. Vitabu vya maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania vipakue mapema, usisubiri darasa likae.

Hatua ya 5: Chujio

Kwenye ruta, badili DNS, yaani huduma inayotafuta anwani za tovuti, iwe 1.1.1.3 na 1.0.0.3. Huduma hii ya Cloudflare ni bure, inazuia tovuti za ngono na zenye programu hasidi. Haikamati zote. Badili pia nywila ya kuingilia ruta yenyewe, maana ile ya kiwandani imebandikwa chini yake na Kidato cha Tatu wanajua kusoma.

Hatua ya 6: Flashi

Zote zipitie kompyuta ya mwalimu kwanza, zikaguliwe virusi.

Hatua ya 7: Jambo likitokea

Kama ni matusi au vitisho, usifute. Piga picha ya skrini, andika tarehe na jina la akaunti iliyotuma, umwone mkuu wa shule. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa unyanyasaji wa mtandaoni, kwa hiyo ushahidi una kazi.

Kama ni picha ya utupu ya mtoto, fanya kinyume: usiinakili, usiitume kwa mwalimu mwenzako "aone", usiiweke kwenye kundi la WhatsApp la walimu. Kuisambaza ni kosa hata nia yako ikiwa njema, na unamuumiza mtoto mara ya pili. Zima skrini, funga chumba, toa taarifa polisi kwenye dawati la jinsia na watoto. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, bila malipo. Namba hiyo iandike kwa herufi kubwa juu ya kila kompyuta, na mwanafunzi wa bweni anayeihitaji apewe simu ya ofisini na chumba chenye mlango unaofungwa.