Kupamba Krosheti kwa Rangi Baada ya Kumaliza Kufuma

Wengi wakitaka rangi ya pili kwenye krosheti hubadilisha uzi katikati ya safu. Kwa mistari mipana, sawa. Lakini kwa ua, jina au mstari unaopinda, utabaki na rundo la ncha za kuficha na nyuzi zinazoning'inia upande wa nyuma. Afadhali ufume kitambaa chote kwa rangi moja, ukimalize, kisha uweke rangi juu yake. Ukikosea unafumua pambo tu, kitambaa hakiguswi.

Msingi mzuri ni mshono mfupi: ule wa kuingiza sindano, kuvuta kitanzi, halafu kupitisha uzi kwenye vitanzi viwili kwa pamoja. Matundu yake ni madogo na yamepangika. Mshono mrefu una nafasi pana kati ya nguzo zake, kwa hiyo pambo huyumba au huzama.

Uzi wa pambo uwe na unene uleule wa kitambaa, au mwembamba kidogo. Uzi mnene zaidi hupanua matundu na kukisukuma kitambaa pembeni. Pia aina iwe moja: pamba juu ya pamba, akriliki juu ya akriliki. Sufu hunywea ikifuliwa kwa maji ya moto, akriliki hainywei, na kazi uliyochanganya itatoka kwenye beseni ikiwa na mikunjo isiyonyooka tena.

Nyekundu, nyeusi na buluu nzito zijaribiwe kwanza. Lowesha kipande cha sentimita 20, kifunge ndani ya kitambaa cheupe, kigandamize, kiache dakika 30. Kikiacha doa, usiuweke uzi huo juu ya rangi nyeupe. Kisha piga picha ya nyuzi zikiwa pamoja na uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Zikionekana kijivu kimoja, pambo halitaonekana kwa mbali, hata kama mkononi zinapendeza.

Mnyororo wa juu

Huu ndio mshono wa kujifunza kwanza, maana unakwenda popote: wima, mshazari, duara, hata herufi. Tumia sindano ya krosheti iliyo kubwa kuliko ile uliyofumia kwa nusu milimita hadi milimita moja. Ulifuma kwa milimita 4? Chukua 4.5 au 5.

Kwanza chora njia kwa kupitisha uzi mwembamba wa cherehani kwa mkono; mwisho utauchomoa. Usitumie penseli, kwani alama yake hung'ang'ania kwenye uzi wa rangi nyepesi.

Funga kitanzi cha kuanzia na ukiweke nyuma ya kitambaa, pamoja na uzi wote. Ingiza sindano kutoka mbele, nasa kitanzi, kivute juu; fundo libaki nyuma. Ingiza sindano kwenye tundu linalofuata, nasa uzi ulio chini, uvute upite kwenye kitambaa na moja kwa moja ndani ya kitanzi kilicho kwenye sindano. Hicho ni kiungo kimoja. Mkono ulio chini ndio unaoongoza uzi: ushike karibu na kitambaa bila kuukaza. Usikate uzi mapema. Fanya kazi ukitoa kwenye bonge.

Itazame kazi kwa karibu. Kiungo kilichokaa vizuri kina umbo la tone la maji, na miguu yake miwili inaonekana waziwazi. Kikigeuka kamba nyembamba iliyojificha kati ya mishono, umevuta mno. Kosa hili ndilo linaloharibu kazi nyingi kuliko mengine yote: kitambaa hunyumbulika, mnyororo uliokazwa haunyumbuliki, basi kitambaa hujikunja kuufuata. Kila baada ya viungo 10, kivute kwa mikono miwili. Mnyororo ukigoma wakati kitambaa kinataka kufunguka, fumua hadi pale ulipoanza kubana.

Usiruke zaidi ya tundu moja. Kiungo kirefu hunasa vidole na vifungo. Kwenye mpindo si lazima ufuate matundu pekee. Penya hata katikati ya mwili wa mshono, na mstari utalainika badala ya kwenda kwa ngazi.

Kufunga duara kunahitaji utulivu. Kata uzi ukiacha sentimita 15, vuta kitanzi cha mwisho hadi ncha itokee juu, uitie kwenye sindano butu yenye tundu kubwa. Ipitishe chini ya miguu yote miwili ya kiungo cha kwanza, kisha irudishe ndani ya kiungo cha mwisho hadi nyuma. Hapo utakuwa umetengeneza kiungo cha uongo, na mwanzo hautaonekana.

Misalaba

Kila mshono mfupi ni kama kisanduku. Kwa sindano butu (yenye ncha kali hupasua uzi), toka pembe ya chini kushoto, zama juu kulia. Toka chini kulia, zama juu kushoto. Miguu ya juu yote ielekee upande mmoja, la sivyo mwanga utaonyesha madoadoa. Kata uzi wa sentimita 50, si zaidi, kwani mrefu huchakaa kwa kupitapita. Nyuma, usivuke zaidi ya mishono 3 bila kuficha uzi.

Pima kabla ya kuchora. Tuseme sentimita 10 zina mishono 16 na safu 18: mchoro wa visanduku 16 kwa 16 utatoka na upana wa sentimita 10 na kimo cha 8.9. Ongeza safu 2 ili uwe mraba. Na kwenye kazi ya mviringo isiyogeuzwa, mishono huinama upande, hivyo mstari wa wima utainama nayo.

Ncha zifiche nyuma kwa sentimita 5, kisha rudi upande wa pili. Akriliki usiiguse kwa pasi, huyeyuka na kulala bapa. Lowesha kazi, inyooshe kwa pini, iache ikauke.