Povu likikupanda, fanya hivi kabla hujakomenti

Wadau, mi nishamwaga povu sana mtandaoni, kwa hiyo hapa naongea kama mgonjwa aliyepona nusu. Kuna siku niliona klipu ya konda anamvuta mama wa watu mlangoni kwa daladala, sekunde chache tu, nikashusha gazeti zima na tusi juu, usiku mtu akaleta video yenyewe ndefu kumbe mama alikuwa anadondoka na konda ndo kamdaka. Nilifuta, ila skrinishoti zilishatembea.

Kwa hiyo kabla ya yote tafuta video ndefu na tarehe yake, klipu nyingi zinazotuchemsha ni za zamani au zimekatwa palepale panapouma.

Afu jiulize nani anakula. X tangu 2023 inawalipa baadhi ya wenye akaunti za kulipia kwa jinsi watu wanavyojazana kwenye posti zao, yani yule anayeandika wanawake wa kabila fulani hawajui kupika hana shida na mapishi, anatafuta hela na wewe na hasira zako ndo mtaji. Facebook nao kuanzia 2017 emoji ya hasira waliipa uzito mara 5 ya laiki kwenye kuamua posti ipi isambae, mpaka 2020 ndo wakaishusha hadi sifuri. Kwa hiyo huyo mchokozi usimkoti hata kwa kumpinga, unampelekea wateja. Likikuwasha sana andika kwenye notisi za simu yako, kaoge, kale, afu rudi usome, mi mara nyingi naona aibu mwenyewe nafuta.

Ukichambwa wewe usijibu mmoja mmoja, utakesha. Umekosea? Omba radhi mara moja, sentensi mbili, bila kuweka "ila". Instagram unaweza kumbana mtu (Restrict) bila kumblok, anakomenti weee kumbe anajisoma mwenyewe, raha yake hata haambiwi. Na kwenye ile setingi ya kuficha komenti zenye maneno mabaya, matusi yetu ya Kiswahili yajaze kwa mkono.

Wakianza vitisho au kurusha namba yako, piga skrinishoti yenye jina la akaunti na mda KABLA hujablok, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 hapa Tanzania inagusa unyanyasaji wa mtandaoni, faini si chini ya milioni 5 au jela si chini ya miaka 3, au vyote.

Grupu la ukoo ndo sina dawa, mjomba akirusha uzushi mfuate inbox, ukimuumbua mbele ya mashangazi utasemwa mpaka kwenye vikao vya harusi.